Kanga 12 wa Maswa nusura wanipeleke pabaya!

Mwenzenu ni mzima, namshukuru Mungu, na leo nikisema namshukuru Mungu msidhani ni mazoea ya mdomo tu. Wiki zile mbili mlizoikosa safu hii wengine mlizusha kwamba mhariri kanitimua. Wengine mkasema nimeolewa kimyakimya. Weee! Nani aolewe kimyakimya mjini hapa? Nilikuwa Maswa, mkoani Simiyu, kwa babu mzaa baba. Niliyoyakuta huko nilitaka niyameze nife nayo, maana yananiumbua mwenyewe. Lakini nimeona heri niumbuke mimi kuliko mwenzangu mmoja huko mtaani azikwe.

Tuanze na chanzo. Pale Sinza tuna maskani yetu, saluni ya rafiki yangu, mahali ambapo kama hujasukwa basi unasuka wenzio kwa maneno. Siku moja katika kupiga soga nikajigamba kwamba mwezi wa nane naenda Maswa, na kwamba kwa babu yangu kanga ni kama kuku wa Manzese, wanazagaa tu. Sikumaliza sentensi, dada mmoja akadakia, "Basi niletee mmoja shoga yangu, nakulipa." Mwingine akasema wawili. Wa tatu, mjamzito wa miezi saba, akasema tangu mimba iingie ana hamu ya nyamapori mpaka anaota usiku.

Mwenzenu nikanusa mshiko. Nikatangaza bei hapo hapo, kanga mmoja elfu 25, unatanguliza nusu. Mpaka jioni nilikuwa na oda 12 na shilingi 150,000 taslimu mkononi. Kuna mteja mmoja alisikia juujuu tu kwamba naleta kanga, akaniuliza doti moja shilingi ngapi na kama maandishi yake ni ya mafumbo! Tulicheka mpaka machozi. Ila msimcheke sana, maana inasemekana hata hiyo kanga tunayojifunga ilipewa jina kutokana na ndege huyu, kwa sababu zile za zamani zilikuwa na vidoti vidoti kama manyoya yake.

Nikanunua boksi la kuhifadhia baridi, lile la povu, kwa elfu 30. Safari ikaanza.

Kwa wasiojua, Maswa ni mbali jamani. Unatoka Dar alfajiri, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, halafu barabara ya Mwanza unaiacha pale Mwigumbi, unakata kuelekea Maswa na Bariadi. Zamani Maswa ilikuwa mkoa wa Shinyanga, Simiyu ilizaliwa mwaka 2012. Nilifika usiku miguu imevimba kama nimetoka kubeba zege, nikalala mjini kwa ndugu, asubuhi nikachukua pikipiki mpaka kijijini, upande wa Lalago.

Babu alikuwa amekaa chini ya mti anasokota kamba. Kuniona tu akasimama, "Mke wangu umekuja! Hawa wazee wa hapa walikuwa wanasema umenikimbia!" Ndiyo utani wa babu huo, tangu nikiwa na miaka mitatu mimi ni mke wake na bibi ni mke mwenzangu. Bibi naye akajibu kutoka jikoni kwamba mke mdogo aingie asonge ugali basi, yeye amechoka. Nikawaambia "mwangaluka" yangu ya kujifunzia, wakacheka. Nikaletewa michembe na karanga, na ugali wa mtama na maziwa mgando. Simba, mbwa wa babu, akaja kunilamba vidole vya miguu vyenye rangi ya kucha kama vile ameona pipi.

Kesho yake kabla jua halijachomoza babu akaniamsha. Nilikuwa nimemwambia nataka kuona uwindaji wa ndege, sikumwambia habari ya oda. Nilivaa raba nyeupe, akaziangalia, akasema, "Hizo wataziona kutoka Bariadi." Akanipa kandambili za bibi.

Tukaenda mpaka lamboni. Lambo, kwa ninyi mliozoea bomba la DAWASA, ni bwawa la kuchimba la kunyweshea ng'ombe. Mwezi wa nane Usukumani pamba imeshauzwa, mashamba yamebaki vijiti, mito mingi imekauka, na maji yaliyobaki yako kwenye malambo na mabwawa. Basi kila mwenye mabawa anakuja hapo. Tulijificha kwenye kichaka, Simba amelala kimya pembeni, tukasubiri.

Kwanza wakaja njiwa na tetere, kundi kwa kundi, wanakunywa na kuondoka. Bata maji walikuwa wamelala humo humo, wanaelea kama vibuyu. Halafu babu akanigusa bega, akaonyesha kwa kidevu. Kanga! Walikuja kwa miguu, mstari mmoja kama wanafunzi wa shule ya msingi wanakwenda mchakamchaka. Nilihesabu 27. Babu akaninong'oneza kwamba kanga anaweza kuruka, lakini mbio za miguu ndiyo kazi yake, kuruka ni mpaka abanwe, au jioni anapopanda mtini kulala. Mmoja alibaki nyuma shingo juu, analinda, wenzake wakiinama kunywa. Kisha wanabadilishana. Nikajisemea moyoni, kumbe wana zamu kuliko walinzi wa baa yetu.

Pembeni kwenye nyasi alikuwepo kwale, kifua cha kijivu, koo limeiva kama chungwa. Babu alimwita tu kwale. Baadaye mjini Maswa mwalimu mmoja aliniambia kwamba kwale huyo mwenye kifua cha kijivu dunia nzima makao yake ni ukanda huu wa Serengeti na majirani zake. Wazungu wanapanda ndege kuja kumwangalia kwa darubini. Mimi nilimwona nikiwa nimevaa kandambili za bibi!

Nikamuuliza babu, "Sasa unawapigaje?" Akasema yeye hapigi tena. Enzi zake alikuwa na gobore, na alikuwa akikata leseni. Kwa ndege wadogo vijana walitega kwa vitanzi vya singa za mkia wa ng'ombe, au kwa ulimbo. Upande wa Meatu kuelekea ziwa Eyasi wako Wahadzabe, ambao kwa ndege wana mishale yao ya mti mtupu isiyo na chuma. Lakini babu akasema kila uwindaji ulikuwa na adabu yake. Mvua zikianza hugusi kanga, maana ndipo anapotaga, tena chini kwenye nyasi, ukimuua mama umeua na mayai kumi. Kwenye maji humalizi kundi. Na ukikuta nyayo za mwenzako zimekutangulia, unarudi nyumbani.

"Na siku hizi?" nikauliza.

"Siku hizi ni leseni, mke wangu. Huna leseni, wewe ni jangili, hata kama ulichoua ni kanga mmoja."

Akanieleza habari ya Pori la Akiba la Maswa. Mimi nilidhani liko hapo hapo nyuma ya soko, kumbe jina tu ndilo la Maswa. Lilianzishwa mwaka 1962, limepakana na Hifadhi ya Serengeti kwa kusini magharibi, na ukilitafuta leo utalikuta pande za Meatu, Itilima na Bariadi. Huko kuna vitalu vya uwindaji wa kitalii. Msimu unafunguliwa tarehe 1 Julai, wageni wanakuja na bunduki zao na vibali, wanalipia kila wanachoua, kanga na kwale wamo. Siku hizi msimamizi ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na sheria yenyewe ni ya mwaka 2009. Kutumia sumu ni marufuku, mitego ya waya marufuku, kumulika mnyama kwa taa usiku marufuku.

Mwenzenu nilikuwa natikisa kichwa, ndiyo babu, ndiyo babu, huku kichwani napiga hesabu. Kanga 12 mara elfu 25. Laki tatu! Sasa nitarudi Sinza na nini, hadithi za mstari wa mchakamchaka?

Jioni nikamvuta pembeni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, kijana wa miaka 19. Nikamwambia shida yangu. Akasema, "Dada hilo dogo. Kuna jamaa anauza. Elfu nane mmoja. Ila babu asijue." Nikampa 96,000. Sikuuliza leseni, sikuuliza kitu. Na babu alikuwa ameniambia asubuhi ile ile kwa mdomo wake! Sikufanya kwa kutojua jamani. Nilijua.

Usiku wa pili yake, watu wamelala, jamaa akaja na baiskeli na kiroba. Kanga 12, wamechinjwa tayari. Niliwamulika kwa simu. Walikuwa wazuri ajabu, hawana jeraha la risasi, hawana mguu uliokatwa na kitanzi, hata unyoya haujavunjika. Nikamwuliza, "Unawakamataje wazuri hivi?" Akacheka, "Ufundi, dada." Nikamwambia kwa utani asubiri nimchomee mmoja ale kabla hajaondoka. Akasema hapana, yeye kanga hapendi. Mtu anauza kanga kila wiki halafu hapendi kanga! Na mimi mjanja wa mjini nikaona ni jambo la kawaida.

Mimi na mdogo wangu tukawanyonyoa na kuwapasua nyuma ya banda, kwa haraka, ili waingie kwenye boksi. Nilikuwa nimenunua barafu za mifuko dukani kwa mwenye friji. Matumbo tukamtupia Simba, mengine yakabaki chini hapo hapo, tukasema kuku watamaliza asubuhi. Nikanawa, nikalala, nimeota nimefungua saluni yangu mwenyewe.

Niliamshwa na sauti ya bibi. Simba alikuwa amelala karibu na banda, povu limemtoka mdomoni, macho yamekodoka, ameshakauka. Ardhi pale alipolala ilikuwa imechimbika kwa kucha zake. Kuku wawili wa bibi walikuwa wamekufa pembeni, na wa tatu anatetemeka shingo imepinda.

Babu hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Alizunguka banda, akaona manyoya yenye vidoti, akaniangalia mimi, akamwangalia mdogo wangu. Akasema, "Leteni."

Nikaenda kuleta boksi. Miguu haikuwa yangu.

Alitoa kanga mmoja, akainua kichwa chake, akatazama pale shingoni. "Huyu alichinjwa akiwa ameshakufa. Angalia, damu haikuruka, imeganda ndani." Kibudu! Na katika wateja wangu 12, saba ni Waislamu. Halafu akaokota gole moja lililobaki chini, lile fuko la shingoni ambalo ndege huhifadhi chakula, akalipasua kwa kisu. Yalitoka mahindi mazima mazima, hayajasagika, na harufu ilinipiga puani. Akanichukua mpaka stoo, kwenye bomba la kupulizia pamba na chupa ya dawa iliyobaki tangu msimu. Akafungua kifuniko. Harufu ni ile ile.

"Wanaloweka mahindi humu usiku," akasema, "wanamwaga njiani kanga wanakopita kwenda kunywa. Asubuhi wanaokota tu."

Sasa wasomaji wangu, hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Mnajua nilisema nini? Nilisema, "Lakini babu, utumbo si tumeshatoa? Nikiwachemsha sana, nikamwaga yale maji ya kwanza?" Mbwa amekufa mbele yangu, na mimi bado nawaza laki tatu.

Babu akanyamaza kidogo. Kisha akasema taratibu kabisa, "Sawa. Bibi yako awashe moto. Tutamchoma mmoja, na wewe mke wangu utakula wa kwanza. Ukimaliza, wengine ubebe."

Nikaangalia chini. Sikuweza. Nililia kama mtoto mdogo.

Tulichimba shimo refu mbali na nyumba na mbali na lambo, tukawazika wote, kanga 12, kuku, na Simba. Babu akatulazimisha kunawa kwa sabuni mara mbili mbili mpaka kwenye viwiko, na kisu akakizika pia. Baada ya hapo akavaa koti lake, akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mdogo wangu ilibidi amtaje yule jamaa. Mchana wazee walikwenda lamboni wakakuta tetere wengi wamekufa kwenye nyasi, na punje za mahindi zimesambaa karibu na njia ya ng'ombe. Hapo ndipo nilipoona watu wameogopa kweli, maana lambo lile wananyweshea ng'ombe, na watoto wanaotoka shule wanainama pale wanakunywa kwa viganja. Siku mbili hakuna mfugo aliyepelekwa. Nilipoondoka yule jamaa alikuwa ameshakimbia, baiskeli ameiacha.

Msije mkasema haya ni ya Wasukuma. Wenzetu wa Kenya yaliwakuta mapema. Kule Bunyala, magharibi mwa Kenya kwenye mashamba ya mpunga karibu na ziwa Victoria, mtafiti wa ndege Martin Odino alifuatilia kwa miaka, kuanzia mwaka 2009 hivi, jinsi watu walivyokuwa wakiua bata maji na korongo kwa dawa ya kuulia wadudu iitwayo Furadan. Waliipaka kwenye konokono au kuichanganya na punje, na wakati mwingine walimfunga korongo hai katikati ya shamba ili wenzake wakimwona wadhani ni salama, washuke. Nyama iliuzwa, na watu wakala. Mwaka huo huo wa 2009 kiwanda cha Marekani kilichokuwa kikiitengeneza kililazimika kuiondoa sokoni Kenya na kuinunua iliyobaki madukani, baada ya kelele kwamba simba nao wanauawa kwa dawa hiyo. Mwaka 2017 nchi za dunia zikaiingiza karbofurani, ndiyo sumu iliyomo, katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam wa kemikali za hatari.

Dawa nyingine za shambani nazo, zikiwemo baadhi ya zile za pamba, zinafanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Zinavuruga mawasiliano ya mishipa ya fahamu. Mdudu anakakamaa, ndege anakakamaa, na binadamu vilevile. Mtu anaanza kutokwa mate na jasho, anatapika, tumbo linakata, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inatetemeka, pumzi inabana. Ukimwona mtu ana dalili hizo baada ya kula, usimpe maziwa wala usingoje mganga, mkimbize hospitali, na kama unaijua dawa yenyewe beba chupa au karatasi yake uwaonyeshe, maana madaktari wana dawa ya kupambana nayo wakiwahi. Na jueni kwamba moto wa jikoni si wa kuutegemea uondoe sumu. Nilichotaka kufanya mimi, kuchemsha na kumwaga maji, ni ujinga mtupu.

Tena tuseme hata wangekuwa hawana sumu. Ningekamatwa na lile boksi njiani, unajua ningejibu kesi gani? Kupatikana na nyara za serikali bila kibali, na kesi hizo zinakwenda kama uhujumu uchumi. Mimi na raba zangu nyeupe, mhujumu uchumi! Kwa kanga!

Wanaotaka nyamapori kwa haki njia ipo. Tangu mwaka 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori, na bucha lenye leseni linakupa risiti. Wako pia wafugaji wa kanga wenye vibali, mayai wanayalaza kwa kuku wa kienyeji, siku 26 hadi 28 vifaranga wanatoka wakidhani mama yao ni kuku. Ni ghali kidogo kuliko wa kiroba usiku. Lakini muulize kwanza muuzaji wako kama yeye mwenyewe anakula. Swali hilo moja tu lingeniokoa.

Nilirudi Dar na boksi tupu. Niliwaita wateja wangu wote saluni, nikawasimulia kama nilivyowasimulia ninyi, bila kujipamba. Wapo waliolia. Yupo aliyesema nimekula hela na sasa nazuga kwa hadithi za mbwa, na mpaka leo hanisalimii. Yule mjamzito alishika tumbo lake akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia, "Wangu usinirudishie. Kanunue kuku wa bibi waliokufa." Nilikataa, akanisonya, akasema siku moja nitajifunza kupokea. Wengine nawalipa kidogo kidogo, wamebaki wanne. Mhariri akiongeza posho ya safu hii nitawamaliza haraka (bosi kama unasoma, hilo ni dongo).

Juzi babu alipiga simu. Wamepata mtoto wa mbwa, hajapewa jina bado, ananingoja mimi nimpe. Mdogo wangu sasa anaamka alfajiri kwenda lamboni na wazee kukagua njia za kanga, wanaokota punje kama zipo. Nikamwuliza babu kuhusu lile kundi la 27.

"Wamebaki tisa," akasema. "Lakini wanakuja. Na mlinzi wao bado wanaweka."

Wahenga walisema kanga hazai ugenini. Mimi naongeza kwamba asipoachwa salama hata kwao hatazaa. Mvua za vuli zikianza watakaa kwenye nyasi kulalia mayai, na nimeahidi mwakani mwezi wa nane narudi kuwahesabu, bila boksi. Kandambili za bibi zinaningoja.

Haya, hiyo ndiyo aibu yangu ya wiki hii. Na wewe msomaji, ni tamaa gani ilikufikisha ukingoni halafu mtu mzima akakuvuta shati? Niandikie kupitia gazeti hili, jina lako nitalificha. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na ukiona mtu anauza kanga usiku kwenye kiroba, mwambie ale wa kwanza!